Kusawazisha Batli Ni Kumpoteza Mwenye Mzigo

Mashua inaingia Macaloe, kisiwa kidogo cha Quirimbas kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji, jua likiwa bado halijapanda. Ilitoka na zana mbili, madema na mshipi. Madema yametoa tasi kilo sita na pono kilo mbili. Mshipi umetoa changu kilo tano. Mwandishi wa takwimu anaketi mchangani na simu yake. Anaandika safari moja; chini ya safari, zana mbili; chini ya kila zana, samaki wake; chini ya kila samaki, uzito. Ndivyo mvuvi alivyomweleza, na ndivyo mambo yalivyokuwa baharini.

Sasa yafuate maandishi hayo mpaka kwenye seva. Huko yupo fundi aliyefundishwa kwamba ujumbe wa mfumo lazima uwe mstari mmoja ulionyooka, usio na kitu ndani ya kitu. Anayasawazisha. Yanabaki hivi: zana ni madema na mshipi; samaki ni tasi, pono na changu; kilo ni sita, mbili na tano. Jumla ni kilo 13, na jumla hiyo haina kosa. Lakini uulize mstari huo swali ambalo mtoto yeyote aliyekuwepo ufukweni angelijibu papo hapo: changu alivuliwa kwa zana gani? Mstari haujui, na hakuna mashine itakayoufanya ujue, kwa kuwa jibu lilitupwa njiani.

Safari hiyo nimeitunga ili hoja ionekane. Kosa lililomo sikulitunga. Linatendwa kila siku katika vyumba vya seva, na linatendwa kwa jina zuri. Linaitwa kusawazisha. Rai iliyotawala inasema: batli ni mstari, data za matabaka ni mbwembwe za waandishi wa programu, zisawazishwe kabla hazijaandikwa, na atakayezihitaji atazipanga mwenyewe baadaye. Nimeisikia rai hii kwa wakufunzi, kwa mafundi wa zamu ya usiku, na kwa wakubwa wanaolipia diski. Naipinga. Naipinga kwa sababu nimewahi kukaa usiku kucha nikijaribu kurudishia data zilizosawazishwa umbo lake la kwanza, nikashindwa, na watu waliokuwa wakisubiri majibu hawakuyapata.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kiswahili cha mabaharia kina neno batli: daftari la chombo, panapoandikwa yaliyotokea safarini. Mafundi wa leo husema logi. Kitu ni kilekile. Mfumo wa malipo, seva ya hospitali, simu ya mwandishi wa takwimu, kila kimoja kina batli yake, na kila tukio huacha humo ujumbe. Data za matabaka ni zile ambazo kitu kimoja kimebeba vingine ndani yake: safari imebeba zana, zana imebeba samaki, samaki amebeba uzito. Kuchanganua ni kuusoma ujumbe huo na kutambua kipi kimo ndani ya kipi. Na kusawazisha ni kuyaondoa matabaka ili vyote vilale sambamba.

Kusawazisha shamba ni kazi njema. Kusawazisha ukoo ni balaa. Ukiandika majina ya watu ishirini wa nyumba moja katika orodha moja, bila kusema nani baba wa nani, hujaurahisisha ukoo, umeufuta. Mtu anayekuja kugawa urithi kwa orodha hiyo ataleta ugomvi ambao marehemu hakuuacha.

Wapinzani wangu wana hoja nne. Si hoja za kijinga, na mmojawao ana hoja nzito kweli. Nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya urahisi. Wanasema mstari ulionyooka husomeka kwa jicho na hutafutika kwa ruwaza za maandishi, zile ambazo waandishi wa programu huziita rejeksi. Fundi anaamshwa saa nane za usiku, anatafuta neno, analipata, anarudi kulala. Data za matabaka zinamtaka awe na kichanganuzi, na mabano yake humchanganya macho.

Najibu kwamba urahisi huo ni wa mtafuta neno, si wa mtafuta ukweli. Neno "changu" utalipata katika mstari uliosawazishwa, hilo sikatai. Utakachokosa ni uhusiano. Na rejeksi, kwa asili yake, haiwezi kukurudishia uhusiano huo. Hili si suala la ufundi mdogo au mkubwa. Ni hesabu iliyothibitishwa tangu miaka ya 1950, katika kazi za Stephen Kleene na Noam Chomsky. Ruwaza za kawaida hazina kumbukumbu ya kuhesabu mabano yaliyofunguliwa na ambayo bado hayajafungwa. Ukizipa kina kimoja zitaweza. Ukizipa viwili zitayumba. Ukizipa kina kisichojulikana zitakosea, na zitakosea kimyakimya.

Atakayebisha akumbuke Desemba 2021. Mwezi huo ilitangazwa hadharani kasoro katika Log4j, maktaba ya Java inayotumiwa na mifumo mingi duniani kuandika batli. Ikapewa namba CVE-2021-44228 na alama 10 kati ya 10 za ukali. Maktaba hiyo haikuuandika ujumbe tu. Iliusoma, na ilipokuta alama ya dola na mabano ikayachukua maandishi ya ndani kuwa maagizo ya kutekelezwa. Watu wakakimbilia rejeksi: zuia kila mstari wenye neno "jndi", linaloanzisha maagizo hayo. Washambuliaji wakajibu kwa matabaka: wakaiweka herufi moja ya neno hilo ndani ya mabano mengine, yaliyo ndani ya mabano ya kwanza. Kwa rejeksi neno halikuwepo. Kwa Log4j, iliyoyafungua mabano tabaka baada ya tabaka, neno lilikuwepo kamili. Mlinzi alisoma mstari. Mwizi alisoma matabaka.

Najua jibu litakalokuja: huoni basi kwamba matabaka ni hatari? Hapana. Hatari ilikuwa kuyageuza maandishi ya mgeni kuwa amri ya mwenye nyumba. Kuchanganua ni kutambua umbo; hakumlazimishi mtu kutii kilichomo. Barua ikifika ina sentensi isemayo "fungua sanduku la fedha", msomaji mwenye akili anaielewa sentensi na sanduku analiacha limefungwa.

Hoja ya pili ni ya kiwango. Wanasema: hata viwango vya dunia viko upande wetu. Syslog, mfumo wa batli ulioenea sana, ulianzishwa na Eric Allman kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, ukiwa sehemu ya programu ya barua pepe ya Sendmail. Ulikuwa mstari tangu kuzaliwa. Na Machi 2009 Rainer Gerhards alipoandika RFC 5424, kiwango kinachotumika mpaka leo, aliweka nafasi rasmi ya data zenye umbo, lakini umbo hilo lina kina kimoja tu: mabano ya mraba, jina la kundi, kisha jozi za jina na thamani. Hakuna kundi ndani ya kundi. Kama waliokaa na kufikiri waliona kina kimoja kinatosha, sisi ni nani?

Sisi ni watu tunaoweza kuona yaliyofuata. Kiwango kilipewa kina kimoja, na mafundi wenyewe wakatafuta njia ya kukipita. Wakaanza kuweka JSON, umbo la maandishi linaloruhusu matabaka, nzima katika sehemu ya maandishi huru ya ujumbe, wakitanguliza alama "@cee:" ili mpokeaji ajue kwamba kinachofuata kina matabaka. Rsyslog, programu ambayo Gerhards mwenyewe ndiye mwanzilishi wake, ina moduli maalumu ya kuitambua alama hiyo na kuichanganua JSON inayofuata. Kanzu ikibana, fundi hamkati mkono anayeivaa. Mambo tunayoyaandika yana matabaka: agizo lina bidhaa, mgonjwa ana vipimo, safari ina zana. Watu walilijua hilo kazini kabla wananadharia hawajakubali.

Na hata ndani ya RFC 5424, atakayeisoma kwa makini ataona kwamba jina moja linaruhusiwa kurudiwa katika kundi moja. Maana yake, hata kina kimoja hakikuweza kukwepa orodha. Ukishakubali orodha, umeshakubali kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na vingi, na vingi hivyo vinataka mwenyewe.

Hoja ya tatu ni ya ghala. Wanasema: hata ukituma matabaka, hifadhidata zitayasawazisha. Kwa nini ujisumbue? Ni kweli kwamba Elasticsearch, ghala linalotumiwa sana kuhifadhi na kutafuta batli, hufanya hivyo isipoambiwa vingine. Ukiipa orodha ya vitu, huchukua majina yote ikayaweka pamoja, na thamani zote ikaziweka pamoja. Mwongozo wake wenyewe unaeleza hasara yake kwa mfano: kundi lina John Smith na Alice White, ukimtafuta Alice Smith, mtu asiyekuwepo, ghala linajibu kwamba yupo.

Sasa irudishe hasara hiyo Macaloe. Tafuta safari ambazo mshipi ulileta tasi. Ghala litakuletea safari yetu ya alfajiri, kwa kuwa mshipi umo na tasi yumo, ingawa tasi wote walitoka kwenye madema. Kwa mtu wa mjini ni kosa la safu mbili kwenye jedwali. Kwa mvuvi ni riziki. Katika Cabo Delgado uvuvi wa vyandarua vya mbu, unaozoa samaki wachanga, ni jambo ambalo watafiti wamelichunguza na vijiji vimelijadili, na swali lake lote ni moja: samaki wadogo wanavuliwa kwa zana gani? Batli iliyosawazishwa haiwezi kulijibu. Itasema samaki wadogo wapo, na zana kadhaa zipo. Mwenye mamlaka akichukua hatua kwa takwimu hizo, atawafungia wote au hatamfungia yeyote, na kwa vyovyote vile asiye na hatia ataumia.

Watengenezaji wa Elasticsearch hawakuikana hasara hiyo. Waliweka aina maalumu ya uga inayokiweka kila kitu cha orodha peke yake, kikiwa na mambo yake. Basi si kweli kwamba ghala linakulazimisha. Linakusawazishia kwa kuwa hukulieleza umbo la mzigo wako.

Hapa mpinzani mwerevu huingia na hila. Anasema: mimi husawazisha bila kupoteza kitu, huandika "zana.1.samaki.2.kilo" kisha thamani. Uhusiano upo ndani ya jina. Namkubalia kwamba upo. Lakini huyo hajayaondoa matabaka. Ameyaficha ndani ya majina. Kila safari yenye zana nne badala ya tatu inazaa majina mapya, na kila jina jipya ni uga mpya katika ghala. Elasticsearch huweka ukomo wa nyuga 1,000 kwa kawaida, na ukomo huo uliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakilijaza ghala kwa namna hiyohiyo. Na ukitaka kuuliza juu ya samaki yeyote wa zana yoyote, inakubidi utafute kwa ruwaza ndani ya majina, yaani umerudi kwenye rejeksi uliyodhani umeikimbia.

Sasa nifike kwenye hoja ya nne, iliyo nzito. Wanasema: mtandao hukatika, na ujumbe hukatwa. Ujumbe ulionyooka ukikatwa mwisho, mwanzo wake bado unasomeka. JSON ikikosa bano moja la mwisho, kichanganuzi huikataa yote.

Hoja hii inamhusu sana mtu wa pwani ile. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita baada ya Idai kuipiga Beira, kiliangusha umeme na mawasiliano katika maeneo yaliyohitaji kusikika kuliko yote. Machi 2021, mji wa Palma, katika mkoa huohuo, uliposhambuliwa, simu zilinyamaza pamoja na mji. Anayeandika mfumo kwa ajili ya mahali kama hapo, akidhani waya upo siku zote, anaandika kwa ajili ya nchi nyingine.

Na viwango vyenyewe vinakiri. RFC 3164 ya mwaka 2001, iliyoitangulia RFC 5424, iliweka ukomo wa baiti 1,024 kwa ujumbe mzima. RFC 5424 inamtaka mpokeaji aweze angalau baiti 480, na inapendekeza aweze 2,048. Ukizidi hapo anaweza kuukata au kuutupa. Inasema wazi pia kwamba ujumbe uliokatwa unaweza kubaki na data zenye umbo zilizovunjika, hata na herufi iliyovunjika. Herufi "í" ya Mocímboa da Praia, mji wa Cabo Delgado, huchukua baiti mbili katika usimbaji wa UTF-8; mkasi ukipita katikati yake, jina la mji mzima huharibika.

Kwa hiyo nakubali tatizo. Sikubali dawa. Mzigo ukiwa mkubwa kuliko mashua, watu wa pwani wanajua la kufanya: huugawa, na kila kifurushi hukiandika jina la mwenyewe. Hawamwagi mchele wa watu wote chomboni kuwa chungu moja kwa sababu chombo ni kidogo. Kugawa si kusawazisha. Ujumbe wa safari uende peke yake ukiwa na namba ya safari. Kila zana iende kwa ujumbe wake ikiwa na namba yake na namba ya safari iliyoizaa. Kila samaki vivyo hivyo. Ujumbe mmoja ukipotea, umepotea huo tu, na waliofika wanawajua wazazi wao. Waliowahi kutumia KoboToolbox wanaujua utaratibu huu hata kama hawakuupa jina: fomu yenye maswali yanayorudiwa ikitolewa kwa Excel huleta karatasi kadhaa, na kila mstari wa karatasi ya mtoto una namba ya mstari wa mzazi. Matabaka yamegawanywa, na ukoo umehifadhiwa.

Kwa waliouona mfumo wa takwimu za uvuvi uitwao Peskas, ambao WorldFish iliubuni Timor-Leste na ambao sasa umefika Kenya, Zanzibar na Msumbiji, jambo hili si ndoto. Takwimu za uvuvi mdogo zinaweza kusafiri kutoka ufukweni mpaka kwenye kompyuta ya mbali, safari ikiwa na samaki wake. Kinachotakiwa ni mtu kuamua tangu mwanzo kwamba uhusiano ni sehemu ya takwimu.

Bado kuna lalamiko moja ambalo si hoja ya kusawazisha, lakini ndilo linalowasukuma wengi huko. Wamekutana na matabaka mabaya, wakayachukia yote. Nawaelewa. Chukua majibu ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu nchini Kenya. Malipo yakikamilika, ujumbe unaorudi una mwili. Ndani ya mwili, jibu. Ndani ya jibu, maelezo. Ndani ya maelezo, orodha. Na kila kilichomo kwenye orodha kina jina na thamani: kiasi, namba ya risiti, tarehe, namba ya simu. Kimoja, salio, kinaweza kuja na jina bila thamani. Mteja akighairi, msimbo 1032 unarudi na maelezo yote hayamo. Waandishi wengi hawasomi majina, husoma nafasi. Cha kwanza ni kiasi, cha pili ni risiti. Siku malipo yameghairiwa, programu inatafuta cha kwanza katika orodha isiyokuwepo, inaanguka, na muuza duka anabaki hajui kama amelipwa.

Ukiuliza salio la akaunti kwa njia hiyohiyo, mambo huwa mabaya zaidi. Jibu ni JSON, lakini thamani mojawapo ndani yake ni kamba ndefu ya maandishi ambamo akaunti zimetenganishwa kwa alama moja na nyuga za kila akaunti kwa alama nyingine. Umbo limefichwa ndani ya maandishi, na maandishi ndani ya umbo. Kichanganuzi cha JSON hakiuoni mgawanyo huo. Inabidi kila mwandishi autengenezee kisu chake.

Wasawazishaji huninyooshea mifano hii na kusema: si unaona? Naona, na ninachokiona ni kinyume cha wanachodai. Kamba ile ya salio ndiyo kusawazisha kwenyewe: kuna mtu aliyekuwa na akaunti zenye nyuga, akazilaza zote katika mstari mmoja, akamwachia msomaji kazi ya kuzisimamisha. Na anayesoma orodha kwa nafasi badala ya majina naye amesawazisha, ingawa kichwani mwake tu. Ubovu wa kiota usitumike kuwa hoja ya kuwafukuza ndege.

Kuna jambo la mwisho la kupima, nalo ni wakati. RFC 3164 iliandika wakati kwa mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Mwaka haumo. Ukanda wa saa haumo. Msumbiji iko saa moja nyuma ya Tanzania, na wavuvi wa pwani ile hawakuanza leo kwenda na kurudi kati ya Cabo Delgado na Mtwara. Simu ikiandika tukio upande mmoja wa mto Ruvuma, ulio mpakani, ikapata mtandao siku mbili baadaye upande wa pili, ujumbe una nyakati mbili: wa tukio na wa kupokelewa. Kila mmoja una mwenyewe. Wa kwanza ni wa safari, wa pili ni wa seva. Katika matabaka, kila mmoja hukaa kwa mwenyewe hata kama nyakati zote mbili zinaitwa "wakati". Zisawazishe, na majina mawili yanagongana. RFC 8259, kiwango cha JSON cha Desemba 2017, kinaonya kwamba majina yakirudiwa katika kitu kimoja, tabia ya programu zitakazokisoma haitabiriki: nyingine hushika la mwisho, nyingine hukataa. Hivyo ndivyo safari ya Jumatatu inavyogeuka kuwa ya Jumatano bila mtu yeyote kusema uongo.

Kiwango hichohicho kinaruhusu kichanganuzi kuweka ukomo wa kina. Atakayeogopa kwamba mtu mbaya atamletea mabano elfu kumi ili kuichosha seva, aweke ukomo. Safari, zana, samaki, uzito: matabaka manne. Mambo mengi ya wanadamu hayazidi sita au saba. Kuogopa elfu kumi si sababu ya kukataa manne.

Basi nini kifanyike? Ninachokidai ni kidogo na kinawezekana. Ujumbe uandikwe kwa umbo la jambo lenyewe: kisichokuwa na matabaka kiende kwa mstari, nami sitakipinga, chenye matabaka kiende nayo. Mambo ya kuutambulisha ujumbe, yaani namba yake, wakati wa tukio pamoja na ukanda wa saa, na chombo kilichouandika, yatangulie mwanzoni, ili mkasi wa mtandao ukipita usikate jina la mwenye mzigo. Ujumbe mkubwa ugawanywe kwa namba za mzazi na mtoto. Uchanganuliwe mara moja, mlangoni, kwa kichanganuzi halisi, si kwa rejeksi kumi zilizotawanyika katika programu kumi. Ule ambao umeshindikana kuchanganuliwa usitupwe. Uwekwe kando ulivyo, herufi kwa herufi, mpaka mtu auangalie. Na anayeuliza data kutoka ndani ya ujumbe aulize kwa jina, asihesabu nafasi.

Watasema gharama. Diski ina bei, mtandao una bei, kompyuta ya kuchanganua ina bei. Ni kweli. Lakini jumlisha na bei ya upande wa pili. Hifadhidata ikishindwa kuipokea safari ya mvuvi usiku umeme unapokatika, nakala pekee iliyobaki iko kwenye batli. Batli ndiyo shahidi wa mwisho. Kama shahidi huyo anakumbuka kila kitu ila nani alifanya nini, ushahidi wake hautamsaidia mtu, na hakuna diski utakayonunua kesho itakayomrudishia kumbukumbu. Mstari mrefu unaweza kubanwa. Mstari uliopoteza ukoo hauna tiba.

Wewe unayeandika programu, iwe Maputo, Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, kabla hujausawazisha ujumbe unaofuata, usome kama vile hukuwepo ufukweni asubuhi ile. Kisha uuulize kwa zana gani changu alivuliwa. Ukinyamaza, usiuandike hivyo. Urudishie matabaka yake, ndipo uuandike.